Shajara ya mradi: barabara, maji na stima za ploti zetu za Kamulu

Januari, Jumamosi ya pili

Kamati ya miundombinu ya chama chetu imeanza kazi leo. Nimepewa kalamu niandike shajara hii ili wanachama wasioweza kufika kwenye vikao wajue tunafanya nini na kwa sababu gani. Ardhi yenyewe mnaijua: ekari 16 upande wa Kamulu, ukiacha Barabara ya Kangundo. Mpima ardhi ametuletea rasimu ya kwanza yenye ploti 96 za futi 50 kwa 100, na barabara zote za ndani amezichora kwa upana wa mita 9. Wanachama tuko 89. Ploti 7 zinazobaki ndizo tulizopanga kuuza ili tuchimbe kisima.

Kazi yetu ni kuandika viwango vya barabara, mitaro, maji safi, maji taka na stima, mkutano mkuu uvipitishe, kisha vipelekwe kaunti pamoja na ramani. Nimesema kikaoni na ninaandika hapa pia: kazi hii lazima itangulie bikoni, yaani vigingi vya mipaka ya ploti. Mutesheni, ile fomu ya mpima ya kugawanya ardhi, ikishasajiliwa na kila mtu akashika hati miliki yake, mita moja ya barabara iliyosahaulika haipatikani tena. Hakuna atakayebomoa ukuta wake kwa sababu bomba la jirani limekosa njia.

Sheria iko wazi. Kwa Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019, mgawanyo wa ardhi unahitaji kibali cha kaunti kabla haujafanyika. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, inazipa kaunti barabara za kaunti, taa za barabarani, maji ya mvua kwenye maeneo yaliyojengwa, na huduma za maji na usafi. Kwa hiyo ardhi ya barabara tutaikabidhi kwa umma. Lakini kuikabidhi hakumaanishi kwamba trekta la kaunti litakuja kesho yake. Kwa miaka kadhaa barabara hizi tutazitengeneza kwa mifuko yetu, na kaunti itazichukua kama zilivyo. Tukiziacha nyembamba, zitabaki nyembamba.

Januari, Jumamosi ya mwisho

Kikao kirefu, na moto uliwaka. Niliweka mezani pendekezo langu: barabara kuu inayopita katikati, yenye urefu wa mita 300, iwe na upana wa mita 15. Barabara mbili zinazoingia humo, mita 200 kila moja, ziwe za mita 12. Vichochoro vifupi vibaki mita 9.

Mweka hazina alichukua kikokotoo papo hapo. Kuongeza mita 6 kwenye mita 300 ni mita za mraba 1,800. Kuongeza mita 3 kwenye mita 400 ni 1,200. Jumla 3,000. Ploti moja ya futi 50 kwa 100 ina takriban mita za mraba 465, kwa hiyo pendekezo linakula ploti sita na nusu, yaani saba. Zile zile saba za kisima.

"Mhandisi," akaniambia mzee mmoja aliyekuwa mwenyekiti wetu zamani, "unatutengenezea barabara pana ya kupitia tukienda kutafuta maji kwa mkokoteni."

Hoja yake ina uzito na sikuipuuza. Nilimjibu hivi: mzee, kisima kinaweza kuchimbwa mwaka ujao au mwaka wa tatu. Barabara haitapanuliwa mwaka ujao wala mwaka wa ishirini. Hatukumaliza. Tumekubaliana kwanza twende tukajionee mitaa mingine, kisha tupime udongo na maji ya mvua kabla ya kurudi kwenye mita.

Februari, wiki ya kwanza

Tumetembea mitaa ya Dandora na Pipeline, hapa Nairobi, siku moja, makusudi, ili tofauti ionekane kwa macho.

Dandora ilianza 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ikiwa na ploti karibu 6,000. Mwenye ploti hakupewa nyumba iliyokamilika. Alipewa ardhi iliyopimwa, yenye choo, bafu, maji na njia ya maji taka, kisha akajenga vyumba kadiri alivyopata pesa. Leo nyumba zimepanda ghorofa na watu wameongezeka kuliko mabomba yalivyotarajia, na shida za mtaa ule wakazi wake wanazijua kuliko mimi. Ila barabara na mabomba vilitangulia kuta, na mpangilio huo bado unasomeka ukitembea humo.

Pipeline ni kinyume. Ploti ndogo, majumba marefu yameinuka pande zote mbili, na kati yake njia ambayo lori moja likisimama kushusha mchanga, mtaa mzima umefungwa. Maji ya mvua, maji ya kufulia na maji taka yanagombania mfereji mmoja. Mama mmoja wa kamati yetu, ambaye mwanawe anatumia kiti cha magurudumu, alisimama pale akatazama kwa muda, halafu akauliza, "Sasa mtoto wangu angepita wapi hapa?" Hakuna aliyekuwa na jibu, na tangu siku hiyo hakuna mtu kwenye kamati ambaye ameita njia ya miguu kuwa anasa.

Februari, mwishoni

Mashimo ya kupima udongo yamechimbwa. Ni udongo mweusi kila mahali, kama tulivyotarajia upande huu wa mashariki. Kuna shimo ambalo tabaka lake linapita mita moja kabla hujafika kwenye kitu kigumu. Udongo huu huvimba ukilowa na kupasuka ukikauka, na barabara iliyojengwa juu yake bila kuuondoa hupinda msimu wa kwanza tu. Kiwango tulichoandika: chini ya njia ya magari udongo mweusi uondolewe, ijazwe mawe ya hadikoa, juu yake maramu (udongo wa changarawe) iliyoshindiliwa tabaka kwa tabaka. Lami au kabro (matofali ya zege ya kutandika) itafuata tukiwa na uwezo. Kabro ya njia ya magari iwe ya milimita 80, ya njia ya miguu milimita 60. Wanaouza kabro hutaja bei ya ile ya 60 kwa kila kitu, kwa hiyo tumeliandika jambo hili kwa herufi nzito.

Tabaka la kujaza linagharimu kuliko sehemu ya juu inayoonekana. Najua watu wanatamani kuona kabro. Nawaomba watazame kwanza kilicho chini yake.

Machi, kabla ya mvua

Leo ni siku ya maji ya mvua, na hili ndilo somo ninalotaka kila mwanachama alisome polepole.

Upande wa juu wa ardhi yetu kuna kama hekta 5 zinazomwaga maji kuelekea kwetu na kupitia kwetu, hadi kwenye kijito cha msimu kilicho chini. Hesabu inayotumika kwa maeneo madogo kama haya ni rahisi: chukua sehemu ya mvua inayotiririka juu ya ardhi bila kunyonywa, zidisha kwa ukali wa mvua wa milimita kwa saa, zidisha kwa hekta, gawanya kwa 360. Unapata mita za ujazo kwa sekunde.

Tulichukua mvua kali ya milimita 80 kwa saa. Hivi sasa juu yetu ni nyasi na michongoma, na tuseme asilimia 30 ya mvua inatiririka. Jibu ni 0.33. Kalvati (bomba la zege la kupitishia maji chini ya barabara) ya milimita 600, ile ambayo kila fundi huiweka bila kuuliza, ikilazwa kwa mteremko wa 1 kwa 200, yaani kushuka mita 1 katika mita 200, hupitisha karibu 0.43. Kwa hiyo leo kalvati hiyo inatosha, na ukiiweka hakuna atakayekulaumu.

Sasa jenga. Weka mapaa ya mabati, nyua za saruji, maegesho ya kabro. Mvua ni ile ile na hekta ni zile zile, lakini sasa asilimia 60 inatiririka. Jibu linakuwa 0.67. Kalvati ya 600 imeshindwa, na maji yatatafuta njia kupitia sebule ya mtu. Kalvati ya milimita 900 kwa mteremko ule ule hupitisha karibu 1.28, na hata ikijaa tope kiasi bado inafanya kazi. Tumeandika 900 kwa kila mahali ambapo mtaro mkuu unavuka barabara, na 600 kwa milango ya watu binafsi iliyo juu ya mitaro midogo pekee.

Hii ndiyo sababu mtaa hukaa salama miaka mitano kisha ukaanza kufurika bila mvua kuongezeka. Kilichoongezeka ni mapaa. Kiwango lazima kipimwe kwa mtaa ulivyojaa nyumba, siyo kwa shamba tulilolinunua.

Na kile kijito tusikiguse. Kanuni za rasilimali za maji zinataka kingo zihifadhiwe, kuanzia mita 6 hadi 30 kila upande kulingana na mto. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 bado hatujayasahau Nairobi, na amri ya kuwahamisha watu waliojenga ndani ya mita 30 za mito ilitolewa baada ya watu kufa. Tumeiacha kingo nzima kama nafasi ya umma, miti ipandwe, pasiwe na ploti hata moja.

Machi, mvua imeanza

Nilipita kwenye shamba la jirani lililogawanywa zamani kidogo, barabara zote za mita 9, hakuna mtaro uliochorwa. Kila mwenye ploti ameinua mlango wake kwa mawe, na barabara ndiyo imekuwa mtaro. Watoto wa shule walikuwa wamevua viatu. Nilipiga picha na mkutano mkuu utaziona.

Aprili

Tumechora sehemu ya kukata, yaani barabara ikitazamwa kana kwamba umeikata kwa kisu kutoka ukuta hadi ukuta. Kwangu mimi mchoro huu ndio kiwango chenyewe. Upana wa mita 12 ni namba tu mpaka useme nani analala wapi.

Hivi ndivyo tulivyopanga mita 12, tukianzia ukuta wa upande wa juu. Njia ya miguu mita 1.8, na chini yake bomba la maji safi. Kisha ukanda wa mita 1.9 wa nguzo za stima, taa na miti. Kisha njia ya magari mita 5.5, na chini yake, kwenye nusu ya upande wa chini, bomba la maji taka. Kisha mtaro wa mita 1. Mwisho njia nyingine ya miguu ya mita 1.8, na chini yake mabomba matupu ya nyaya za intaneti. Jumla 12, hakuna sentimita ya kuchezea.

Maji safi na maji taka yako mbalimbali zaidi ya mita 3, na pale yanapovukana, maji safi yapite juu. Hili halijadiliwi. Presha ya maji Nairobi hukatika kwa mgao, na bomba lisilo na presha lenye ufa hunyonya chochote kilicho kando yake. Nimeona mtaa ambapo bomba la nusu inchi la maji ya kunywa limelala ndani ya mtaro wa maji machafu kwa sababu hakukuwa na nafasi nyingine. Kipindupindu hakihitaji mwaliko mwingine.

Kwa barabara kuu ya mita 15: magari mita 6, njia za miguu mita 2 kila upande, mitaro ya mita 1 kila upande, na mita 3 za nguzo, mabomba na miti, nusu huku na nusu kule.

Vichochoro vya mita 9 vilitusumbua. Ukitoa mita 5.5 za magari, 1.8 za miguu na 1 ya mtaro, unabaki na sentimita 70 za kila kitu kingine. Haiwezekani. Tukapunguza njia ya magari hadi mita 4.5. Magari mawili madogo yanapishana polepole, na huo upolepole ndio tunaoutaka mahali ambapo watoto wanacheza. Tunabaki na mita 1.7 za nguzo na mabomba. Wapo waliotaka tuondoe njia ya miguu badala yake. Yule mama alikataa kabla sijafungua mdomo, na akaongeza sharti: kila mahali njia ya miguu inaposhuka kuvuka mlango wa gari, mteremko usizidi 1 kwa 12, ili kiti cha magurudumu kipande bila kusukumwa na watu wawili. Sharti limeandikwa.

Jambo la mwisho, dogo kwa gharama na kubwa kwa faida: kabla ya kujaza maramu, mabomba matupu ya milimita 110 yalazwe kuvuka barabara kila baada ya ploti chache, ncha zake zifungwe na kuwekewa alama. Yeyote atakayeleta waya au bomba baadaye apitishe humo. Mtaa unaokatwa lami kila kampuni mpya inapoingia ni mtaa ambao haukuachiwa tundu.

Aprili, mwishoni

Maji taka. Bomba kuu la umma halijafika kwetu, na kwa sasa kila nyumba itakuwa na septiki yake. Wengine wanauliza tunachora bomba la nini basi. Tunalichora kwa sababu maji taka huenda kwa mteremko, na mteremko ni lazima uhifadhiwe tangu leo. Bomba la milimita 225 kwa mteremko wa 1 kwa 150 hushuka mita 2 katika mita 300. Ardhi yetu inashuka kama mita 1 tu katika urefu huo. Maana yake ni kwamba ukianza na kina cha mita 1.2 juu, unafika chini ukiwa mita 2.2. Hilo linawezekana bila kugonga mwamba mwingi. Lakini mtu akitangulia kulaza kalvati au tangi katikati ya njia hiyo, imeharibika.

Chemba za kukagulia bomba zitakaa kila baada ya mita 60 hivi na kwenye kila kona. Septiki zote zijengwe upande wa mbele wa ploti, zikielekea barabarani, ili siku ya kuunganisha mtu asivunje jikoni.

Mei, mkutano mkuu

Watu walijaa. Nilianza na zile picha za watoto waliovua viatu, kisha hesabu ya kalvati, kisha mchoro wa kukata. Maswali yalikuwa makali na ya haki. Mjane mmoja aliuliza kama mita hizi zitapunguza ploti yake aliyolipia kwa miaka mingi. Jibu ni hapana, ploti zote 89 zinabaki futi 50 kwa 100.

Mzee aliyekuwa mwenyekiti alisimama tena. "Bwana Mwenyekiti, mimi nilipinga. Bado nataka maji. Lakini hesabu ya mapaa nimeielewa." Akapendekeza barabara kuu ipewe mita 15, na ile barabara inayobeba mtaro mkuu ipewe 12. Ile nyingine, ambayo haibebi maji ya mtu mwingine, ibaki 9 kwa mpango wa njia ya magari ya mita 4.5. Mita za mraba 2,400 badala ya 3,000. Ploti sita zinakwenda, moja inabaki.

Ningependa barabara zote mbili ziwe za 12, na nilisema hivyo. Ila pendekezo lake linasimama kiufundi, na lilipita kwa kura nyingi. Ile ploti moja haitauzwa. Itakuwa ya huduma: kisima, tangi la maji na transfoma, kwenye sehemu ya juu kabisa ya ardhi ili maji yashuke yenyewe. Kisima kitachangiwa kwa awamu. Mweka hazina hakufurahi, na ninamwelewa, kwani kuwadai watu 89 kila mwezi si kazi nyepesi.

Taa: wengi walitaka mulika mwizi, ile taa ya mlingoti mrefu, mmoja mkubwa katikati. Tumeandika taa fupi kwenye nguzo za barabarani, maana mlingoti mmoja huacha giza nyuma ya kila ukuta.

Julai

Ramani na viwango vimepelekwa kaunti na mpangaji wetu wa miji aliyesajiliwa. Maoni yamerudi, na ni ya msaada. Kona za ploti zikatwe kimshazari kwenye makutano ili ukuta usimzibe dereva anayetokea. Mpima amezikata zote. Kichochoro kisicho na mwisho wazi kiwekewe sehemu ya kugeuzia yenye umbo la T, ili lori la taka na gari la zimamoto yasitoke kinyumenyume. Tumeongeza pia, kwa hiari yetu, mabomba makuu ya maji ya milimita 110 na sehemu za kuunganishia mpira wa zimamoto. Mtandao wa bomba za nusu inchi hauwezi kuzima moto hata wa kibanda.

Septemba

Kibali kimetoka. Bikoni zimeanza kupigwa, barabara kwanza, ploti baadaye. Tulimwomba mpima afuate mpangilio huo na akakubali. Mtu anayefika sasa anaziona mita 15 zikiwa wazi kabla hajaona ploti yake.

Kazi ya kwanza ya kuchimba ni mtaro mkuu, tukianzia chini kwenye kijito na kupanda juu, ili mvua za vuli zikija zikute pa kutokea. Kalvati za milimita 900 zimeagizwa. Mabomba matupu ya kuvukia yanangoja awamu ya tatu ya michango. Wanachama wa barabara ya mita 12 wanaombwa wafike Jumamosi wakiwa na namba za ploti zao: tutamwonyesha kila mmoja mahali mdomo wa bomba lake la maji taka utakapotokea, aukubali au auhamishe kabla fundi hajamwaga zege.